Harambee ya Mavazi ya Kwaya: Watoto Wetu Waende Tallinn

Ndugu, wazazi wenzetu na marafiki popote mlipo,

Sisi ni wazazi kutoka Afrika Mashariki tunaoishi Tartu, Estonia. Watoto wetu wanaimba katika kwaya ya shule pamoja na wenzao Waestonia, na mwalimu anawanoa kwa ajili ya tamasha la vijana la nyimbo na ngoma huko Tallinn. Kila kwaya hupimwa kwanza. Isiyoiva hubaki nyumbani. Kuiva tumewaachia wao na mwalimu. Letu ni mavazi.

Tamasha hili lina uzito wake. Desturi ya matamasha haya ilianzia hapahapa Tartu mwaka 1869, nchi ikiwa chini ya tsar wa Urusi na ardhi mikononi mwa mabwana Wajerumani. Tamasha la ngoma likafuata 1934. Enzi za Kisovieti wimbo wa kizalendo wa mtunzi Gustav Ernesaks, wenye maneno ya mshairi Lydia Koidula, ulitolewa kwenye ratiba ya tamasha. Mwaka 1960 umati ukauimba vivyo hivyo, bila ruhusa ya mtu. Mwaka 1988 watu walifurika uwanja uleule wa tamasha, Tallinn, wakiimba kudai uhuru, na 1991 wakaupata. Humo ndimo watoto wetu wanapotaka kuimba.

Pale huvaliwa vazi la asili. Kila parokia ya zamani ina sketi yake ya sufu, kwa mistari na rangi zake, na mjuzi huitambua kwa mbali kama bibi zetu wanavyotambua kanga. Zipo za kiwandani, za bei poa. Tulizishika, tukazirudisha. Akina mama wafumaji wa hapa wamekubali kutushonea bila malipo tukileta vitambaa, na baadhi yetu tutajifunza kufuma mikanda.

Tunatafuta yuro 1,900 za sufu, mashati ya kitani, basi, na makoti ya mvua, maana Julai ya Tallinn haina adabu. Malazi hayamo: wanakwaya hulala madarasani katika shule za huko. Wenyewe tumeshachanga yuro 640.

Mwenye nacho atoe, mwenye kuahidi aahidi; mweka hazina anaandika kila senti, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Cherehani ya kuazima nayo ni mchango. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tunapika pilau shuleni, sahani yuro 6, na watoto wataimba. Njooni na majirani zenu.