Risala ya Klabu ya Midahalo kwa Mgeni Rasmi: Jiko Letu na Bomba la Gesi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Halmashauri yetu;
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule;
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi;
wanafunzi wenzangu;
itifaki imezingatiwa.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mtwara kuchele! Asanteni, leo mmeitikia vizuri kuliko jana kwenye mazoezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kwenye Siku ya Klabu yetu, tena kwa barabara hii ambayo wakati wa masika gari hupita kwa dua. Mwalimu mlezi alituagiza risala iwe fupi na isiguse siasa. Kuhusu ufupi tumejitahidi. Kuhusu siasa tunaomba radhi, maana klabu ya midahalo isiyogusa siasa ni sindimba isiyo na kiuno.

Mheshimiwa, mdahalo tuliokuja kukusimulia ulizaliwa na mpira. Machi 8 mwaka 2025, Yanga na Simba walikuwa wakutane Uwanja wa Benjamin Mkapa, uwanja wenye jina la mzee wetu wa Lupaso. Wiki hiyo shule haikuwa na umeme, nguzo ilikuwa imelala kwa upepo. Tukachangishana shilingi mia mbili mia mbili, wanafunzi 75, tukapata elfu kumi na tano. Bei mpya za mafuta EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walikuwa wamezitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi kama kawaida yao, na kwa hesabu yetu fedha hizo zilitosha karibu lita tano za petroli. Jenereta likafutwa vumbi. Wenye jezi wakavaa jezi, wa kijani upande huu, wekundu upande ule, mabenchi ya bwalo yakapangwa.

Mechi ikaahirishwa siku ileile. Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi wakati kanuni inawaruhusu, wakagoma kucheza. Bodi ya Ligi ikaipeleka mbele, na haikuchezwa hadi Juni 25. Wa kijani walisema wenzao wameogopa, wekundu wakasema kanuni ni kanuni, na mimi sitasema niko upande gani kwa sababu Mkuu wa Shule ananitazama.

Tukabaki na bwalo lililojaa watu, jenereta na dumu la lita tano. Ndipo kijana mmoja wa kidato cha pili akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekasirikia mpira: "Hivi sisi wa kwenye gesi, tunachangia petroli ya nini?"

Usiku huo hakuna aliyelala mapema. Wiki mbili baadaye tukaliweka swali lake kuwa mada rasmi: gesi ya Mtwara ingebaki Mtwara.

Watetezi wa mada walianza mbali. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa chini zaidi ya miaka 20 bila kumfaa mtu. Kisha likaja bomba la inchi 36, karibu kilomita 500 kutoka Madimba hapa Mtwara hadi Dar es Salaam, lililojengwa kwa mkopo wa China na kuzinduliwa Oktoba 2015. Kutoka hapa tuliposimama hadi Madimba ni kilomita 14.

Hapo msemaji wao alinyamaza kidogo, akazungumzia mwaka 2013, mwaka wa ghasia za kupinga bomba hilo. Mheshimiwa, wewe unaukumbuka kuliko sisi. Wengi wetu tulikuwa na miaka minne au mitano. Mimi nakumbuka tarehe 22 Mei bila kujua kuwa ni tarehe 22 Mei: mama alifunga madirisha mchana, redio ikawa inasoma bajeti ya Wizara ya Nishati, nje kuna milio, na usiku tulikunywa uji usio na sukari kwa sababu duka la jirani halikufunguliwa. Maneno "gesi haitoki" niliyajua kabla sijajua kusoma. Watu waliumia, wengine walipoteza maisha, na mjini kuna familia ambazo mpaka leo habari hiyo haizungumzwi wakati wa kula. Nasi hatukuigeuza kuwa hoja ya kupigia makofi.

Wapinzani nao hawakuwa wanyonge. Walisema gesi ikibaki ardhini haimnufaishi mtu, na kwamba kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Taifa ulitokana na gesi ya Songo Songo na ya kwetu, mpaka Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115 kwa mitambo tisa, lilipoanza kuingiza umeme gridini Februari 2024. Maji ya Rufiji nayo, wakauliza, yabaki Rufiji? Korosho zetu je, tuzile wenyewe? Ukumbi ulicheka, na nadhani hapo ndipo waliposhinda. Kura 11 ziliwatofautisha.

Lakini mtu aliyetufundisha zaidi siku hiyo hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mama mpishi wetu, aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema: "Mnabishana gesi ibaki au iende. Mimi macho yangu ndiyo yanaenda."

Mheshimiwa, tunaomba baada ya chakula upite jikoni, dakika tano tu. Utaona mafiga matatu ya matofali, kuta nyeusi kama sufuria zenyewe, na rundo la kuni za mikorosho iliyozeeka. Lori moja kila mwezi, kwa wanafunzi 386 wa bweni. Mama mpishi anaamka saa tisa usiku ili uji uwe tayari saa kumi na mbili. Mvua ikinyesha, kuni hutoa moshi kabla ya moto, na maharage ya mchana yanaliwa saa kumi. Ana leso mbili, moja ya kichwa na moja ya kufutia macho. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na lengo la Taifa ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sisi tuko zaidi ya 100 mara tatu.

Kuna aliyetushauri tununue mitungi. Tulipofuatilia, tukajifunza jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tunalichanganya. Gesi ya mtungi siyo gesi ya Mnazi Bay. Yetu kwa zaidi ya asilimia 95 ni methani. Ile ya mtungi ni gesi nyingine, mchanganyiko wa propani na butani, inaagizwa nje kwa meli. Kwa hiyo gesi yetu inapanda kwenda Dar es Salaam ndani ya bomba, na mitungi inashuka kuja Mtwara juu ya malori. Vinapishana njiani, Mheshimiwa, na pengine dereva wa lori hata hajui kuna nini upande wa pili wa barabara.

Sasa niseme tunachoomba. Hatuombi bomba lirudishwe. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria tatu kwa mara moja: ya petroli, ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi na uwajibikaji katika uziduaji. Mwalimu wa Uraia alitusaidia kuisoma ile ya kwanza. Ndiyo iliyoanzisha mamlaka ya PURA kusimamia mkondo wa juu, yaani utafutaji na uchimbaji, na kuwaachia EWURA mkondo wa kati na wa chini. Lakini kuna sehemu inayomtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na mpango huo akubaliane na halmashauri husika.

Halmashauri husika, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni wewe.

Pia kuna ushuru wa huduma, asilimia 0.3 ya mapato ghafi, ambao makampuni yanapaswa kuulipa halmashauri. Hatukuja kukuuliza umeingia kiasi gani. Hilo wazazi wetu watauliza wenyewe. Ombi letu ni kwamba katika mpango wa mwaka ujao uandike mstari mmoja: jiko la shule hii. Kama bomba la kutufikia ni ghali, gesi hiyohiyo hushindiliwa kwenye mitungi maalumu. Bajaji za Dar es Salaam zinatembea kwa gesi hiyo, nasi hatuamini kuwa ugali ni mgumu kuliko bajaji. Tuliwahi kuandika barua mbili kwa ofisi moja, hatukujibiwa. Hii ni ya tatu, na tumeamua kuisoma mbele ya watu.

Ombi la pili ni dogo, na Mkuu wa Shule hakulipenda sana. Kifurushi cha king'amuzi cha bwalo kiliisha tangu mwisho wa Machi. Jumamosi tunakaa na spika moja na simu ya mwalimu wa zamu, naye anafungia nyimbo kwa kasi ambayo hata BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, hawaiwezi. Singeli hairuhusiwi kabisa, taarabu inaruhusiwa mpaka saa tatu. Tungependa siku Yanga na Simba wakikutana tena, mechi ituone tukiwa tumekaa. Petroli yetu bado ipo stoo, hatujaigusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii utaona ngoma ya sindimba ya kidato cha tatu, kisha mama mpishi atakukaribisha pilau. Imepikwa kwa kuni, kwa hiyo ukihisi harufu ya moshi usidhani imeungua.

Naomba kuwasilisha.