Salamu za Idi el-Hajj kutoka Tabora, kwa mlioko safarini

Assalaam alaykum, wanangu na wadogo zangu.

Idi Mubarak kwenu nyote mlioondoka Tabora kwenda kutafuta. Mlioko machimboni Kahama, Geita na Chunya. Mnaofungua maduka ya watu Kariakoo kabla jua halijatoka. Mlioko Mpanda, Lubumbashi na Muscat. Na ninyi mliomaliza kidato cha sita juzi tu, mnaongoja kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) huku moyoni mmeshafunga mizigo ya mbali zaidi. Huku nyumbani takbira zimesikika tangu alfajiri, kutoka Gongoni hadi Isevya. Tumeswali, tumechinja, na mafungu ya jirani na ya maskini yameshafika yanakotakiwa.

Idi ya mwaka huu imetukuta mvua zimekatika, na kwa watu wa Unyamwezi huu ni msimu wa safari tangu enzi za mababu. Masika yakiisha na njia zikikauka, wapagazi, yaani wabeba mizigo ya misafara, walikuwa wakijikusanya kwa makundi kuelekea pwani, nia yao wawe wamerudi kabla ya mvua za kulimia. Kwa kijana wa Kinyamwezi wa karne ya 19, kufikisha pembe ya ndovu Bagamoyo na kurudi salama ndiko kulikomhesabia utu uzima. Wageni waliopita hapa miaka ya 1850 waliandika kwamba kijana aliyekataa kusafiri alichekwa kuwa amebaki nyumbani kuatamia mayai, na kwamba watoto walizoezwa mapema kwa kubebeshwa vipembe vidogo mabegani. Hazina waliyoifuata ilikuwa nguo, shanga na waya wa shaba, na kwa hivyo mtu alipata ng'ombe, mahari na heshima ya kusikilizwa barazani.

Lakini hakuna kijana aliyeifuata hazina hiyo peke yake. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, bendera juu. Yeye ndiye aliyejua kisima kipi hakikauki, mtemi yupi anadai hongo kubwa, yaani ushuru wa kupita, na mbuga ipi haivukwi jua likiwa kali. Kumtangulia kulikuwa kosa: aliyempita alichomolewa mshale kwenye podo lake, akaukomboa jioni kambini. Naipenda sana sheria hii. Kijana mwenye nguvu alikuwa na miguu ya kumpita kirangozi wakati wowote, lakini njia hakuijua, na msafara mzima ungeweza kupotea nyuma yake.

Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, ambao hawakutoka kwao kutafuta chochote. Siwezi kuisifu safari ya mpagazi bila kuwakumbuka na kuwaombea. Mmoja aliyeonja uchungu huo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa hadi India, akapata uhuru wake huko na kurejea Afrika. Aliingia Tabora mwaka 1857 pamoja na wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, akapita tena na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyevuka bara hili hadi pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Kila mmoja wa wageni hao alikuwa na hazina yake kichwani: ziwa, chanzo cha mto Nile, mtu aliyepotea. Bombay ndiye aliyesema na watemi, akatuliza wapagazi waliogoma, akatafuta chakula palipokuwa na njaa. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha, na alistahili zaidi ya hapo. Mtoto aliyenyang'anywa njia yake mwenyewe akawa mwonyesha njia wa wengine. Kila nikilitafakari hili nasema Subhanallah.

Mnaosoma Suratul Kahf siku za Ijumaa mnakijua kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliyesafiri na kijana wake kumtafuta mja mwenye elimu ambayo yeye hakuwa nayo. Wanazuoni humwita Khidhr. Walipofika mji uliowanyima hata chakula, mwalimu yule alikuta ukuta unataka kuanguka, akausimamisha. Musa akaona angalau mwalimu angeomba ujira. Baadaye ndipo alipoelezwa: chini ya ukuta ilikuwamo hazina ya mayatima wawili, na Mola alitaka wakue, waitoe wenyewe. Watoto wale kisa hakisemi kama walikuja kumjua fundi. Mimi nawaza ni wangapi kati yetu tunaokula leo kutoka kwenye hazina ambayo mtu fulani aliishikia ukuta tukiwa hatujui hata kuhesabu.

Kwa hiyo nawaomba, Idi hii, mtajeni mtu huyo. Wewe uliyeko kwenye duara, shimo la machimbo, yupo aliyekukataza kushuka kabla ya kukagua matimba, magogo yanayoshikilia kuta, na kwa neno lake u hai. Wewe wa Kariakoo, yupo aliyekulaza chumbani kwake mwezi mzima ulipoteremka kwenye treni hujui pa kwenda. Wapo walimu waliokulipia ada kimyakimya. Mpigie simu. Kama ametangulia mbele ya haki, msomee Fatiha na uwatafute wanawe.

Mnaoondoka sasa nawaambia waziwazi: si kila anayetembea mbele ni kirangozi. Wapo wanaowaahidi wasichana wetu kazi Uarabuni, na wakifika wananyang'anywa pasipoti. Wapo wanaouza mashimo matupu kwa maneno matamu. Msiwapime kwa malipo pekee, maana hata kirangozi alilipwa, na ilikuwa haki yake. Ulizeni kama naye anatembea njia hiyohiyo, kama mwiba utamchoma yeye kwanza, na kama mtakapofika fungu lenu litabaki lenu.

Na ninyi mliokwisha kuzoea miji ya watu, msijione bado wageni. Mwaka huu kuna kijana wa Cheyo au wa Sikonge atakayeshuka stendi akiwa na begi moja na namba yako ya simu. Ipokee simu hiyo. Mweleze nauli halali ni kiasi gani, mtaa gani apange chumba, na nani asimkopeshe.

Mahujaji wetu nao wako Mina leo, wakifuata bendera ya kiongozi wa kundi lao katikati ya mamia kwa maelfu ya watu. Mola awatakabalie hija yao na awarudishe salama. Awafungulie riziki ya halali mlioko mbali, awape afya wazazi mliowaacha huku, na awarehemu wote waliotuonyesha njia.

Taqabbalallahu minna wa minkum. Idi Mubarak.