Barua ya wazi kwa shangazi yangu: visiwa viwili vinatosha

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na wenzako watatu, na kwamba goti la kushoto limetulia tangu baridi ya Dodoma ipungue. Nimepokea mpango wenu wa safari, Unguja, Pemba, Mafia na Kilwa Kisiwani kwa siku kumi, na nimeusoma mara mbili kwa furaha, kwa sababu najua mmejinyima kwenye kikoba kwa miaka mitatu ili muione bahari pamoja. Umeniruhusu nikujibu hadharani, kwa kuwa wapo wengi wanaotamani kuwapeleka wazazi wao visiwani na hawajui waanzie wapi. Jibu langu, baada ya kuishi huku Unguja kwa muda wote huu, ni kwamba visiwa vinne ni vingi mno. Nawaomba mje viwili, na mkifika mkae.

Sisemi hivyo kwa kudhani kuwa nguvu zimewaishia. Nasema hivyo kwa sababu kila kisiwa kinachoongezwa hudai karibu siku mbili za kufunga mizigo, kuamka alfajiri, kusubiri foleni, kupanda na kushuka, na hizo ndizo kazi zinazowachosha watu wa umri wenu kuliko kutembea kwenyewe. Tazama ramani ile uliyokuwa ukiitundika ukutani darasani. Mafia haina njia ya moja kwa moja ya baharini kutoka Unguja ambayo ningethubutu kuwapitisha. Mtu hurudi Dar es Salaam, kisha hupanda ndege ndogo, au husafiri kwa gari hadi Nyamisati kutafuta boti ya kwenda Kilindoni. Kilwa Kisiwani nayo iko ng'ambo ya Kilwa Masoko, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Kwa hiyo mpango wenu, ukiutazama vizuri, ni safari tatu zilizoshonwa pamoja, na katikati ya kila mshono kuna Dar es Salaam.

Najua Kilwa ndiyo itakayokuuma. Umewafundisha wanafunzi Historia kwa zaidi ya miaka thelathini, umewasimulia msafiri Ibn Battuta aliyefika pale mwaka 1331 na kuusifu mji ule, na hujawahi kuugusa ukuta wa Msikiti Mkuu kwa mkono wako. Ndiyo maana sitaki uuone mbiombio, ukiwa na saa mbili tu za kutembea juani kabla mashua haijawarudisha ng'ambo. Kilwa ipewe safari yake peke yake, mwaka mwingine, nami nitakusindikiza. Mafia pia iache, labda kwa miezi ya kati ya Oktoba na Februari, ambapo papa potwe husogea karibu na Kilindoni na mtu anaweza kumtazama akiwa ameketi ndani ya boti bila kulowa.

Sasa kuhusu majira. Umeniandikia kwamba mnafikiria Julai kwa kuwa wajukuu watakuwa likizo. Naomba msije Julai. Huo ni wakati wa kusi kali, upepo wa kutoka kusini unaoinua mawimbi katika mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja, na mwenzenu yule mwenye hofu ya bahari hatasahau saa mbili zile. Msije Aprili pia, kwa sababu masika hufunga njia za mchanga na kuwafungia wageni ndani. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini unaoanza Desemba, ina bahari nzuri, lakini joto na unyevu wa Januari humlemea mtu mwenye presha aliyezoea hewa ya bara. Wakati ninaouchagua mimi ni demani, kusi inapokuwa imechoka na vuli haijaanza: Septemba hadi katikati ya Oktoba. Hewa inakuwa na ubaridi kidogo asubuhi, bahari inalala, na huko Pemba karafuu huwa zinaanikwa barabarani.

Jambo la pili la kalenda hata wenyeji wengi hawawaambii wageni, kwa kuwa wao wanalijua bila kufikiri. Bahari yetu hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kufika mita nne. Na siku hizo hizo za bamvua, maji hupwa mno mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa ambayo wageni wengi wanapelekwa visiwani. Nilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka niliompeleka marehemu mama kwenye kisiwa kidogo, sikumuuliza mtu yeyote kuhusu mwezi. Tulipofika, mashua ilikwama mbali na ufuko, na mama, aliyekuwa na miaka 71, alilazimika kushuka na kutembea juu ya matumbawe yenye ncha kali maji yakiwa magotini, huku nimemshika mkono na yeye akijitahidi kunionyesha kwamba hakuna tatizo. Alikaa siku nzima kwenye mchanga akiogopa safari ya kurudi. Sijaacha kuijutia siku ile.

Kwa hiyo, shangazi, kabla hatujakata tiketi yoyote, tuangalie mwezi. Siku zenu za kupanda mashua ndogo ziwe za maji mafu, karibu na tarehe nane hadi kumi, au ishirini na mbili hadi ishirini na nne za mwezi wa Kiislamu, ambapo bahari haijai sana wala haikauki. Siku za bamvua mtazitumia mjini na mashambani. Nahodha yeyote wa Unguja au Pemba ukimwuliza, "Maji yanajaa saa ngapi kesho?" atakujibu papo hapo, na ukimweleza kwamba kuna bibi mwenye mkongojo, atakwambia mwenyewe saa ya kuondoka. Mwombeni pia abebe ngazi fupi au kistuli cha mbao, kwa sababu ukingo wa mashua ni mrefu kuliko unavyoonekana pwani.

Kutoka Dodoma, njooni kwa treni ya kisasa iliyoanza kazi mwaka 2024. Ni saa chache tu hadi Dar es Salaam, mtu anaweza kusimama na kunyoosha miguu, na choo kiko karibu, mambo ambayo basi halina. Laleni Dar es Salaam usiku huo, msijaribu kuunganisha treni na boti siku moja. Asubuhi chukueni boti ya kwanza, wakati upepo haujaamka, mkae katikati, ghorofa ya chini, upande wa nyuma kidogo, mahali ambapo chombo hakirukiruki. Mle kitu chepesi kabla ya kuondoka, kwa sababu tumbo tupu huleta kichefuchefu sawa na tumbo lililojaa. Vitambulisho vyenu vya taifa viwe mkononi, pamoja na dawa zote. Narudia, dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, hata kama begi kubwa lina nafasi.

Unguja ninawaombeni usiku tano. Jambo gumu la Mji Mkongwe ni ngazi. Nyumba zake ni nzuri, ndefu, na ngazi zake za mbao ni za wima, na wenye nyumba za wageni hujivunia kifungua kinywa cha juu ya paa bila kukumbuka kwamba kuna magoti yanayopaswa kufika huko. Nitazungukia nyumba tatu au nne mwenyewe kabla hamjalipa, na nitauliza maswali manne: kama kipo chumba cha chini, kama kitanda si samadari ndefu ya kupandia, kama choo ni cha kukaa, na kama bafuni kuna mahali pa kushika. Picha za kwenye simu hazionyeshi hayo.

Lakini mji huo huo una neema moja ambayo vijana wanaipita bila kuiona. Kila mtaa una baraza, yale madawati ya mawe yaliyojengwa pamoja na kuta za nyumba, na hakuna atakayewafukuza mkiketi. Mtakwenda hatua mia, mtaketi, mtasalimiana na watu, mtaendelea. Asubuhi moja mtaitumia kwenye kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Wewe ingia taratibu, ukasimame kwenye altare, usome mwenyewe yale uliyoyafundisha. Ila kwenye vyumba vya chini dari ni fupi na lazima kuinama, kwa hiyo mwenye mgongo mbaya abaki bustanini. Jioni mtakaa Forodhani mkila urojo na mishikaki, mkilitazama Jumba la Maajabu lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nakumbuka mwangwi wa huzuni uliozunguka mji siku ile, kana kwamba mzee wa familia ameanguka.

Siku ya maji mafu mtavuka kwenda kisiwa cha Changuu kuwatazama kobe wakubwa ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Siku nyingine gari itawapeleka mashamba ya viungo upande wa Kizimbani, ambako kuna kivuli na mtu anaweza kunusa mdalasini akiwa ameketi. Jozani, msitu wa kima punju, tutaupitia tukipata nafasi. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, hakuna kwenda popote. Hilo si pendekezo, ni sharti langu la kuwapokea.

Kisha Pemba, na huku ndiko moyo wangu uliko. Nendeni kwa ndege ndogo kutoka Unguja, ni kama nusu saa, ingawa boti ipo. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari inakuwa wazi na mkondo wake una nguvu. Ya pili ni mwenzenu yule mwenye hofu. Ananiuliza kuhusu meli iliyozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na familia nyingi nilizozifahamu hapa zilizika ndugu zao. Sitamwambia kwamba anaogopa bure. Namwahidi kwamba hatutapanda chombo chochote kilichojaa, hata kama tumelipa, hata kama tumechelewa, na kwamba kila mmoja atavaa jaketi la kuokolea hata kwenye mashua ya dakika kumi. Kwa ndege, kumbukeni kwamba mizigo hupimwa na kwa kawaida ruhusa ni kilo 15, na hata abiria anaweza kupimwa ili uzito upangwe sawasawa. Asione aibu mtu.

Pemba si Unguja. Wageni ni wachache, vilima ni vingi, na mchana kweupe unaweza kusikia mtu akiparua majamvi kugeuza karafuu. Chake Chake iwe makao yenu kwa usiku wanne, kwa sababu iko katikati ya kisiwa. Kwa ajili yako, mwalimu, kuna Pujini, ngome ya mtawala wa zamani Mkama Ndume, ambayo gari hufika karibu. Usitegemee kuona majumba. Yaliyobaki ni kuta zilizomezwa na miti. Lakini mtembezi atawaonyesha kisima ambacho simulizi husema kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mtawala yule wasikutane, na atawasimulia jinsi alivyowalazimisha watu kubeba mawe wakijikokota kwa makalio. Nataka kukusikia ukibishana naye.

Siku ya msitu wa Ngezi, kaskazini karibu na Konde, mtatembea kidogo sana chini ya miti mikubwa. Ombeni kupelekwa wanakolala popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani na ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki wachache mno, mpaka wanavijiji walipoanza kuwalinda. Na siku ya maji mafu, kama bahari imetulia, ni kisiwa cha Misali. Wapemba husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Kama bahari haijatulia, hatuendi, na siku hiyo mtakunywa kahawa.

Kwa afya, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko hapa Unguja, na Pemba kuna ya Chake Chake na ya Abdalla Mzee kule Mkoani. Naomba kila mmoja aulize mfuko wake wa bima, kabla ya kuondoka Dodoma, ni vituo gani vya Zanzibar vinavyopokea kadi yake, na aandike kwenye karatasi majina ya dawa anazotumia na kiwango chake. Mwenye insulini aniambie mapema ili nihakikishe jokofu lipo chumbani. Leteni kanga mbili kila mmoja, za kujitandia mitaani, na viatu vya mpira vyenye kamba ya kisigino, kwa sababu ndala huvutwa na maji.

Nitumie tarehe tatu za Septemba zinazowafaa, nami nitazipeleka kwa nahodha mmoja mzee wa mtaa wa Malindi hapa Unguja atuhesabie mwezi. Mwambie mwenzako mwenye mkongojo asinunue mpya. Huo wa zamani tutauwekea mpira chini bandarini, na mpira wenyewe nimeshaununua.

Mimi mpwa wako,
Unguja