Barua kwa Mama: nyumba imefunguliwa

Hamburg, Jumapili, 3 Mei 2026

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, wakubwa kwa wadogo. Hofu ni juu yenu mlioko Makunduchi. Baba watoto anakusalimu sana, Rukia na Salum wanakushika miguu.

Ujumbe wako wa sauti umefika, na kicheko cha dada pembeni nimekisikia vilevile. Unauliza ni nyumba gani hiyo, vyumba viwili na jiko, watu wanne wanaisafisha wiki nzima hawamalizi. Tena unauliza tunakula nini siku hizo, maana unanijua nikishika ufagio sishiki mwiko. Nimeona niandike, maana maelezo ni marefu na leo nina nafasi. Jumapili huku ni siku ya kunyamaza. Maduka yamefungwa kwa sheria, na mashine ya kufyonza vumbi usithubutu kuiwasha, jirani wa chini atakuja kukugongea mlango.

Mambo ni hivi, Mama. Huko kwetu nyumba inafagiwa kila asubuhi, milango wazi mchana kutwa, upepo unaingia barazani unatokea uani. Vumbi litakaa wapi? Huku tangu Oktoba hadi Machi tumejifungia. Joto linatoka kwenye mabomba ya chuma chini ya madirisha, yanapita maji ya moto, na nyuma yake vumbi limeganda kama sufi. Nguo tunaanika ndani. Nikipika wali, mvuke hauna pa kutokea. Unakwenda kutulia kwenye pembe za ukuta nyuma ya makabati, na hapo unaota ukungu mweusi. Ndiyo maana wenye nyumba wa huku wanasisitiza madirisha yafunguliwe wazi dakika chache, mara kadhaa kwa siku, hata nje kukiwa na barafu. Tunafungua, tunatetemeka, tunafunga. Lakini usafi wenyewe unangoja jua, na jua la Aprili halina haya: linapiga kwenye kioo, na yote uliyokuwa huyaoni miezi sita unayaona kwa mara moja.

Hatukuwa peke yetu. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Kiirani, alianza mapema kutushinda, kabla ya Nairuzi, mwaka mpya wao wa Machi, mazulia yote nje, mapazia yote chini. Mwaka huu Nairuzi na Idi zilifuatana karibu, basi ngazi nzima ilinukia sabuni na zafarani. Alituletea wali wa majani na samaki, nami nikampelekea maandazi. Nilimwambia kwetu Makunduchi Mwaka Kogwa, tunaouoga Julai, wazee wanasema asili yake ni Nairuzi hiyohiyo. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha video ya wanaume wakichapana migomba. Akauliza kama na sisi tunaanza kwa kufua mazulia. Nikamwambia sisi tunaanza kwa kugombana.

Kazi niligawa. Salum alipewa vioo vya chini, siki na magazeti ya zamani. Rukia nguo. Birika la umeme nalo nililichemshia siki, maana maji ya bomba yana chokaa na ndani lilikuwa limeota ukoko. Baba watoto alipewa kushusha makoti na viatu vya baridi kwenye stoo chini ya jengo. Alikuwa akishuka na boksi moja, akipanda na kikombe cha chai. Nisimseme sana, dari na taa kaziweza yeye. Mwambie dada jambo moja, maana yeye jiki anaimimina kila mahali: siki na jiki havichanganywi hata tone, hutoa hewa ya sumu. Watoto nimewakataza kabisa kugusa jiki.

Shuleni pia waliwatoa. Mji huu kila mwaka machipuko yakianza una zoezi la kuokota taka, tangu 1998, mashule na majirani wanapewa glavu na mifuko, wanakwenda viwanjani na kandokando ya mifereji. Ni usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama kule bara, ila huku unakuja mara moja na watoto wanaugombania. Salum aliokota tairi la baiskeli akataka kuliingiza ndani, siku ileile niliyopiga deki!

Sasa chakula. Siku za kazi sipiki pilau, nisikudanganye. Viazi vipya, vile vidogo vyenye ganda laini, tunavichemsha na maganda yake, tunakula na mtindi mzito uliotiwa chumvi, vitunguu vya majani na figili zilizokatwakatwa. Watoto wanamaliza sufuria. Halafu kuna asparaga nyeupe, mboga ya vijiti inayochimbwa udongoni, Wajerumani wanazipenda kupita kiasi. Wanazifungulia vibanda barabarani, na ikifika tarehe 24 Juni hawachimbi tena, wanaiacha mizizi ipumzike mpaka mwakani. Asparaga zinamenywa, zinachemshwa na chumvi, siagi na sukari kidogo. Mimi naona ladha yake ni ya upole mno kwa bei ile. Lakini maganda yake siyatupi: nayachemsha, nachuja, natia tui la kopo, ndimu na pilipili moja nzima. Hiyo ndiyo supu. Baba watoto husema asparaga zenyewe tungewaachia Wajerumani, tukanunua maganda.

Na leo alfajiri tulikwenda soko la samaki kando ya mto Elbe, lipo tangu 1703, na ndilo linalofunguliwa Jumapili watu wengine wamelala. Wauzaji wanapiga kelele kama wako Darajani. Mei ni mwezi wa samaki mmoja bapa, wanamwita Scholle, mtu wa kwetu akimwona atasema gayogayo. Wenyeji wanamkaanga na nyama ya nguruwe. Sisi ndimu, chumvi, kitunguu saumu, basi. Ndiye tuliyemla mchana huu, na viazi vilevile. Sufuria moja, kikaango kimoja, Rukia kaosha.

Kuhusu mjomba. Katika kupanga nguo tumepata koti la baba watoto, zito, halipitishi maji, limembana. Mjomba alisema kusi ya mwaka jana ilimtesa baharini usiku. Koti la huku kwa mtu wa huko ni kichekesho, najua, lakini ngalawani saa nane za usiku mwezi wa saba si kichekesho. Muulize kama atalivaa kweli au ataliuza Mkunazini. Akisema atalivaa, nitalitia kwenye boksi la mwenzetu mmoja anayekuja Juni, pamoja na viatu vya watoto wa dada. Mwambie dada anipe saizi, tena anipe saizi za leo. Za mwaka jana watoto wameshazipita.

Zile mbegu za mchicha ulizonifungia kwenye kitambaa ninazo. Sijazitia udongoni. Wazee wa huku wanasema mtu asiamini hali ya hewa mpaka tarehe 15 Mei ipite, baridi hurudi usiku ikaunguza miche. Vyungu viko tayari roshani, Salum keshaandika jina lake kwenye kimoja.

Bibi wa nyumba ya pili msalimie, na mwambie dawa ya magoti nimeiulizia, nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya sala. Sasa tumepishana saa moja tu, msiogope kupiga jioni.

Mwanao,
Mwanaidi