Cherehani peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Chuo cha TATCOT, hapa hospitali ya KCMC, Moshi, kimesomesha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, zikiwamo zilizoachiwa mabomu ya ardhini na vita. Tunawaomba wanaopanga mafunzo ya kazi kwa manusura wa mabomu hayo wakae na mafundi hao kabla ya kununua vifaa kama cherehani.

Kigutu, yaani sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa, hupungua unene, hasa mwaka wa kwanza. Kikombe cha mguu bandia, yaani sehemu kigutu kinamoingia, kilichokaa sawasawa leo kitalegea baada ya miezi michache. Mtu huongeza soksi juu ya kigutu, moja, kisha mbili. Asipoongeza, kigutu huzama, ncha yake hugonga chini na ngozi kuchubuka. Hapo mguu unavuliwa na mwanafunzi anakosa darasa mpaka kidonda kipone. Wengi huhesabiwa watoro, na hilo linatuuma. Bajeti ya kozi iwe na fedha ya kikombe cha pili.

Aliyekatwa chini ya goti asiwekewe mto chini ya goti. Atapata nafuu usiku ule, lakini goti litakaza likiwa limekunjwa, na kumvalisha mguu itakuwa shida kubwa. Bandeji ya kigutu nayo ibane zaidi nchani, ilegee kuelekea juu. Ikifungwa kinyume, kigutu huvimba.

Kwa ushonaji, pedali isukumwe na mguu usiokatwa. Aliyepoteza yote miwili afungiwe mota, na kama umeme haufiki kijijini kwake, cherehani ya mkono.

Mafundi wa viungo bandia,
Moshi