Mjomba, uliuliza kwanini tunaua mnyama tusiyemla

Shikamoo mjomba. Naomba nikujibu huku na sio kwenye grupu la familia, maana kule swali lako lilifunikwa na salamu za birthday ya mtoto wa dada na mimi sikutaka lipotee hivyo. Pia najua sio wewe tu unayejiuliza, kuna ndugu wengi wako huku Marekani, wengine ni wageni kabisa kwenye haya majimbo ya mashamba, na siku moja jamaa wa kazini atawaambia twende tukawinde koyoti jumamosi na hawatajua waseme nini.

Uliona ile picha ya mnyama amelala nyuma ya pikapu kwenye theluji, ukaandika "huyo mbwa kawakosea nini, na mbona hamumli?" Swali zuri na limenikaa moyoni, kwasababu nimekulia kwako na kwa babu, na babu akitega kanga au sungura kilichokamatwa kinaliwa chote, hakuna aliyeua kitu akakiacha.

Kwanza huyo sio mbwa ingawa ni ukoo mmoja. Koyoti ni mnyama wa huku Amerika, ukimwona utasema mbweha, ila ni mkubwa kuliko mbweha wetu wa Singida, wengi wana kilo 10 mpaka 20, na wakati wa baridi manyoya yanamfanya aonekane mkubwa zaidi ya alivyo. Anakula panya, sungura, mizoga, matunda yaliyoanguka, mtoto wa swala wa huku akimpata, na akizoea anakula kondoo. Bibi aliuliza kama anakula watu, mwambie asiwe na hofu kabisa, kwa Marekani na Canada vifo vinavyojulikana ni viwili tu, mtoto mdogo California mwaka 1981 na binti mmoja Nova Scotia, Canada, mwaka 2009. Mbwa wa kufugwa wanaua watu wengi zaidi ya hapo kila mwaka.

Sasa kwanini baridi. Mimi pia nilishangaa, maana hapa jimbo la Iowa Januari inaweza kufika digrii 20 chini ya sifuri, pumzi inagandia kwenye ndevu, unajiuliza mtu mwenye akili anatoka ndani kufanya nini. Lakini huku kiangazi mahindi yako kila mahali, marefu kuliko mtu, koyoti anaweza kupita hatua kumi kutoka ulipo na usimwone. Yakishavunwa shamba linabaki tupu mpaka upeo wa macho, theluji ikianguka kila aliyepita usiku ameacha nyayo. Wakulima nao hawana kazi nyingi wakati huo, msimu wa kuwinda swala umekwisha, na koyoti wenyewe wana njaa, alafu kuanzia Januari ni wakati wao wa kupandana kwahiyo wanatembea sana na wanaitikia mlio. Na ngozi ndo inakuwa imeiva, nitafika huko.

Ngoja nikuambie inavyofanyika ili usifikiri tunakimbiza mnyama na gari kama wale waliokuwa wanawasha taa za landrova usiku kule kwetu. (Kuna watu huku wanafanya hivyo, wanatumia mapikapu na mbwa na redio za kuitana, wanamzunguka mnyama shamba zima. Mimi siendi nao.) Sisi tunatoka kabla hakujakucha, gari tunaliacha nyuma ya ghala la mahindi na mlango haubamizwi, unausukuma taratibu kwa nyonga. Theluji ya baridi kali inalia chini ya buti kama unasaga mkaa, kwahiyo mnatembea pole pole, mnasimama, mnatembea tena. Tumevaa nyeupe juu mpaka chini. Tunakaa kwenye mstari wa seng'enge tumeegemea miti, upepo unatupiga usoni, na kispika kidogo cha rimoti kimewekwa mbele kama mita arobaini. Kikibonyezwa kinatoa kilio cha sungura aliyekamatwa. Mjomba hicho kilio kibaya, mara ya kwanza nilitamani kizimwe.

Alafu mnangoja. Dakika kumi, ishirini, vidole vya miguu huvisikii tena. Koyoti hatakuja moja kwa moja hata siku moja, atazunguka aje upande ambao upepo unamletea harufu kutoka kwenye ule mlio, anataka pua ithibitishe kile sikio limesikia. Ndo maana wanaojua wanaangalia upande wa upepo kuliko upande wa spika. Unaona kitu cha rangi ya majani makavu kinatembea pembeni ya mfereji, kinasimama, kinainua kichwa. Mwenye bunduki anabweka kwa mdomo, "wuf", mnyama anaganda sekunde moja aangalie ni nini, na hapo ndo anapigwa. Mara nyingi hakuna anayekuja. Mnarudi mikono mitupu na chai ya kwenye thermos imeshapoa.

Umeuliza sababu, na watu wanaoenda wana sababu tofauti, nimewasikiliza sana kwenye hayo mapikapu na sikubaliani na zote.

Ya kwanza ni kondoo. Kuna mzee tunasali naye, ana kondoo kama themanini, wanazaa mwishoni mwa baridi. Yeye ndo alinichukua mara ya kwanza. Alinionyesha mwanakondoo aliyeuawa usiku, akalaza manyoya ya shingo pembeni kwa kidole nikaona matundu ya meno chini ya taya, kwenye koo, mawili huku mawili kule, sehemu nyingine ya mwili haina jeraha mpaka tumboni alipoanza kula. Akaniambia mbwa wa mtu angeuma ovyo, miguu, makalio, masikio, angejeruhi watano bila kula hata mmoja. Koyoti anajua anachofanya. Mjomba nilikukumbuka wewe ile asubuhi fisi alipoingia zizini, jinsi ulivyozunguka kila mbuzi bila kusema neno. Huyu mzee alikuwa na uso ule ule. Kwa mtu kama huyo mimi sina swali, mnyama aliyejifunza zizi lake atarudi, na kumwondoa huyo mmoja ni haki yake.

Ya pili ilikuwa hela. Ukiona majaketi ya bei mbaya yale yenye manyoya kuzunguka kofia, mengi yalikuwa koyoti wa kweli. Ngozi ya baridi ina tabaka mbili, chini sufi nzito inayoshika joto, juu nywele ndefu zenye ncha nyeusi, na barafu ya pumzi haigandii sana. Miaka michache iliyopita ngozi nzuri ya majimbo ya magharibi iliweza kufika dola 100, za huku kwetu chini ya hapo, vijana wakawa wanalipa mafuta na risasi kwa ngozi na chenji inabaki. Lakini mwaka 2019 kampuni kubwa ya mnada wa ngozi ya Canada ikaingia kwenye matatizo ya madeni, California ikapitisha sheria ya kuzuia kuuza manyoya mapya, na 2021 Canada Goose, wale watengenezaji wakubwa wa hayo majaketi, wakatangaza wataacha kutumia manyoya mpaka mwisho wa 2022. Soko likaanguka. Saivi wengi hawachuni tena, manake kuchuna, kukwangua mafuta na kutandika kwenye ubao ni kazi ya jioni nzima na malipo hayalingani. Hapo ndo swali lako linauma zaidi, kwasababu zamani ungejibiwa hatumli ila tunavaa, na leo kuna anayemwacha pale pale shambani kwa kunguru. Hilo mimi siwezi kulitetea, na nimewaambia.

Ya tatu ndo wanayoisema wengi, kwamba tunapunguza idadi, tunasaidia swala na ndege. Kwenye jimbo la Utah toka 2012 serikali inamlipa mtu dola 50 kwa kila koyoti aliyemuua, lengo ni kulinda swala wao. Serikali kuu nayo ina idara yake inayoua zaidi ya 50,000 kila mwaka, kwa mitego, kwa bunduki, hata kwa ndege. Na hii sio kazi ya juzi, sheria yake ni ya mwaka 1931. Ungetegemea baada ya miaka karibu mia moja wawe wamekwisha, kumbe wameongezeka, zamani walikuwa upande wa magharibi na kwenye nyika za katikati, leo wako kila jimbo isipokuwa Hawaii, wako mpaka katikati ya Chicago ambako watafiti wanawafuatilia kwa kola za redio toka mwaka 2000.

Sababu ni mbili na zote mbili zinanishangaza mpaka leo. Wazungu walipokuja walimmaliza sehemu nyingi mbwa mwitu wa huku, yule mkubwa wa kijivu, ambaye ndo alikuwa anamuua koyoti kila akimkuta. Kule kwenye hifadhi ya Yellowstone mbwa mwitu wa mwisho waliuawa mwaka 1926, waliporudishwa 1995 koyoti wakapungua ndani ya miaka michache bila mtu kufyatua risasi. Sababu ya pili ni uzazi wao. Kwenye kundi kawaida wanaozaa ni dume na jike wenye eneo. Ukiwaua hao, vijana waliokuwa wametulia wanaanza kuzaa, chakula ni kingi kwa wachache waliobaki, kwahiyo watoto wengi zaidi wanapona, na wengine wanahamia kutoka mbali. Ni kama mchicha mjomba, ukikata kichwa unachipua pembeni. Watafiti wa California walipiga hesabu mwaka 1975 wakaona ili uwamalize lazima uue kama robo tatu ya wote, kila mwaka, miaka na miaka. Jumamosi za sisi watu wa kiwandani haziwezi kufika huko.

Na kuna jambo wafugaji wengine hawapendi kulisikia. Koyoti mwenye eneo ambaye amekaa jirani na kondoo bila kuwagusa ni mlinzi wa bure, anafukuza wengine. Ukimpiga huyo umefungua mlango kwa mgeni usiyemjua tabia. Mzee wa kanisani anajua hili, kuna jozi upande wa mtoni ameniambia usiwaguse hao, na anasikiliza milio yao usiku kama mtu anayesikiliza majirani. Ana mbwa wake mweupe mkubwa wa kulala na kondoo na ana punda, na anasema hao wawili wamemwokolea wanakondoo wengi kuliko bunduki.

Zamani walitumia pia sumu, waliipaka kwenye mizoga. Ikaua koyoti, ikaua tai, ikaua mbweha wadogo na mbwa wa watu, mpaka Rais Nixon akaipiga marufuku kwenye ardhi ya serikali mwaka 1972. Nakuambia hili mjomba kwasababu najua kule nyumbani bado wapo wanaomwagia mzoga dawa ya mifugo ili wampate fisi au simba, na wanaokufa wa kwanza ni tumbusi. Ukisikia mtu kijijini anapanga hivyo naomba umzuie, wewe wanakusikiliza.

Ya nne haisemwi kwa sauti ila nadhani ndo kubwa kuliko zote. Baridi ya huku ni ndefu sana, giza linaingia saa kumi na moja jioni, wanaume wanakaa ndani na simu na pombe na mawazo. Kuwinda kunawatoa. Baba anakaa na mtoto wake saa nzima kimya kwenye theluji, na ukimya ule wanarudi nao wakiwa wamezungumza, sijui nikueleze vipi. Mimi mwenyewe baridi yangu ya kwanza huku ilikuwa mbaya, nilikuwa sijawaambia, na ni yule mzee kunigongea dirisha saa kumi alfajiri ndo kulinifanya nianze kuona hii nchi ina jua linalochomoza, ina bundi, ina nyayo, ina majina ya mito. Hiyo furaha ni ya kweli. Lakini haihitaji mnyama afe kila mara, na wanaoniudhi ni wale wanaoigeuza mashindano, nani kaleta wengi, nani kaleta mzito, zawadi pesa taslimu, wanapangwa chini mistari kwa mistari watu wapige picha alafu wanatupwa. California walikataza hayo mwaka 2014, Vermont 2018, majimbo mengine yakafuata mpaka New York. Hapa Iowa bado yanaruhusiwa. Nimealikwa nikakataa, na nitaendelea kukataa hata wakiniona mgeni nisiyeelewa mila za watu.

Kwahiyo jibu langu ndo hili. Mimi nimesoma ile kozi ya usalama wa wawindaji, nina leseni, na naenda pale tu mzee anaposema kuna anayemla kondoo zake. Yule wa kwenye picha alikuwa ni huyo, ngozi yake tulichuna na iko ubaoni gereji kwake. Ikifika Machi naacha hata kama sheria inaruhusu mwaka mzima, kwasababu majike wana mimba, wanazaa Aprili, na ukimpiga mama wakati huo watoto wanafia shimoni bila mtu kujua.

Alafu kuna hili mzee ameniomba nikuulize, nilimsimulia lile boma lako la miiba na hakuamini kwamba kuna mtu analala nje pembeni yake. Anataka kujua ni mti gani mnatumia, mnapanga matawi vipi mpaka fisi ashindwe kuvuta, na mlango mnaufunga na nini usiku. Huku kuna mti wenye miiba mirefu kama kidole pembeni ya mashamba na yeye anaona unaweza kufaa. Nitumie voice note ukitoka shamba, ntamtafsiria.