Sukari ya mgonjwa mahututi haishushwi kiholela

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa 20 huu na sijawahi kukuandikia. Ila habari yenu ya Jumanne, kwamba mgonjwa wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, hupona sukari yake ikishushwa hadi kuwa kama ya mtu mzima wa afya, imeninyima usingizi.

Ushauri huo ulitoka Leuven, Ubelgiji, mwaka 2001. Kwa wagonjwa 1,548, wengi wao wa upasuaji, vifo ndani ya ICU vilipungua kutoka asilimia 8 hadi 4.6 sukari ya damu iliposhikiliwa kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kwa lita. Mwandishi wenu kaishia hapo. Mwaka 2009 ukaja utafiti wa NICE-SUGAR, wagonjwa zaidi ya 6,000. Hadi siku ya 90 walikuwa wamekufa asilimia 27.5 ya waliobanwa sukari namna hiyo, na asilimia 24.9 ya walioachiwa hadi 10. Sukari kuporomoka vibaya: asilimia 6.8 ya waliobanwa, kwa 0.5 ya walioachiwa.

Mdogo wangu alikuwa ICU baada ya kupasuliwa utumbo. Hakuwa na kisukari. Ni ugonjwa wenyewe uliompandisha hadi 14. Wakamwekea insulini, dawa ya kushusha sukari, wakiitaka 5. Jioni naingia kumwona, nakuta mto umelowa jasho na mkono wa baridi. Mtu amelazwa kwa dawa, ana mpira wa kupumulia kooni, atasemaje kwamba sukari imeshuka mno na anatetemeka? Nilimwita muuguzi, akachukua mashine, vipande vya kupimia vimekwisha! Nikatumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara, nikanunua, nikarudi mbio: haviingii, ni vya mashine nyingine. Binti yule, Mungu ambariki, hakunisubiri. Alishamsukumia glukosi kwenye mshipa. Vipande sahihi vilipoazimwa wodi ya jirani, bado ilisoma 3.1.

Na hili la ndugu kutumwa dukani usiku na karatasi mkononi, mtaliandika lini? Nimefanya kazi wodini miaka 31, halijawahi kuisha.

Kila kitanda cha ICU chenye insulini kiwe na kopo lake la vipande 50 vya mashine ileile, na saa ya kipimo cha mwisho iandikwe kwa kalamu nyekundu. Kopo likibaki na 10, insulini isiongezwe hadi lije jingine. Nanyi chapisheni takwimu za 2009, ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile.

Muuguzi mstaafu,
Tanga